ZAWADI IKIWAKA: UBAO WA PINBOLI KUTOKA BAA HADI UKUTANI

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kufuatilia safari ya kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukigusa, nacho ni ubao wa mchezo wa pinboli. Safari hiyo inaanzia Ufaransa, inapita katika viwanda vya Chicago na baa za New York, na kwa sasa imefika sebuleni. Huko ubao uliochakaa unatundikwa ukutani kama picha, na nyuma yake zinafichwa taa ndogo za LED za kuuwasha. Nilipoitaja mada hii kwenye semina yetu, mwenzangu mmoja aliniuliza, "Sasa huu ni uhakiki wa fasihi au ni kazi ya fundi umeme?" Darasa zima likacheka. Mimi pia nilicheka, lakini swali nikaondoka nalo, na makala haya ndiyo jibu langu.

Dai langu ni hili. Ubao wa pinboli ni matini, na taa zake ndizo sarufi ya matini hiyo. Mtu anayeuchomoa ubao kutoka kwenye mashine, akautundika na kuuwekea taa mpya, anafanya kazi ileile ya mfasiri au mhariri wa ngano: anaamua kipi kibaki na kipi kiachwe. Kwa hiyo kazi yake inahakikika. Lakini hatuwezi kuihakiki kabla ya kujua taa zile zilikuwa zikisema nini zilipokuwa kazini, ndiyo maana nitaanza na historia.

Mashine yenyewe

Kwa msomaji ambaye hajaiona mashine hii, sura yake ni hivi. Ni meza ya miguu minne, imeinama kidogo kumwelekea mchezaji, na juu imefunikwa kwa kioo. Chini ya kioo kuna ubao uliochorwa kwa rangi kali, na juu ya ubao hukimbia gololi ya chuma yenye uzito wa gramu 80 hivi. Mchezaji huirusha gololi kwa fimbo ya springi, nayo hupanda hadi juu, kisha huanza kuteremka ikigonga hiki na kile na kuleta pointi. Upande wa chini, karibu na tumbo la mchezaji, kuna vipigio viwili mfano wa mikono mifupi, vinavyoendeshwa kwa vitufe vya pembeni. Kazi yake ni kuirudisha gololi juu isitumbukie shimoni. Ikitumbukia, basi tena. Nyuma ya meza husimama sanduku lenye kioo kilichochorwa, na hapo ndipo pointi husomeka.

Ubao ni plaiwudi iliyovikwa tabaka jembamba la mbao ngumu. Ubao wa kawaida wa Williams au Bally wa miaka ya 1980 na 1990 una upana wa sentimita 51 hivi na urefu unaozidi mita moja, karibu sawa na mlango wa kabati. Michoro yake ilichapwa kwa skrini, rangi moja baada ya nyingine, kisha ikapakwa vanishi. Umetobolewa matundu mengi, na baadhi yake yamezibwa kwa vidirisha vya plastiki vya rangi: duara, mshale, nyota, pembetatu. Chini ya kila kidirisha kulikuwa na balbu. Msomaji avikumbuke vidirisha hivi, kwa kuwa hoja yangu imesimama juu yake.

Kutoka ikulu hadi baa

Wanahistoria wengi huanzia kwenye bagateli, mchezo wa mezani wa Ufaransa wa karne ya 18. Jina lake huhusishwa na jumba la Bagatelle, lililojengwa pembezoni mwa Paris mwaka 1777 kwa ajili ya Count wa Artois, mdogo wake mfalme Louis XVI. Kwa hiyo tangu mwanzo tunaukuta mchezo huu katika tabaka fulani, yaani wakubwa waliokuwa na nafasi ya kukaa wakisukuma gololi za pembe mchana kutwa. Mwaka 1871 Montague Redgrave, Mwingereza aliyehamia Cincinnati nchini Marekani, alipata hataza ya bagateli iliyoboreshwa. Aliiwekea fimbo ya springi badala ya kile kijiti cha kusukumia, na fimbo hiyo ipo mpaka leo.

Mchezo ulishuka kwa watu wa kawaida wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Mwaka 1931 David Gottlieb wa Chicago alitoa Baffle Ball, mashine ndogo ya kuweka juu ya kaunta, kwa bei ya dola 17.50. Zaidi ya mashine 50,000 ziliuzwa. Mtu aliyekosa kazi aliweza kutoa senti moja, akapata gololi kadhaa na dakika chache za kusahau shida. Mwaka uliofuata Raymond Moloney alitoa Ballyhoo, na kampuni yake ya Bally ikachukua jina kutoka kwenye mchezo huo. Mwaka 1933 Harry Williams akaingiza umeme katika mashine iitwayo Contact: gololi ilipoingia tundu fulani, sumakuumeme iliisukuma itoke. Mwaka 1936 ikaja Bumper ya Bally, ambapo gololi ilihesabiwa pointi kwa kugonga tu, bila kuingia tundu lolote. Na mwaka 1947 Harry Mabs wa Gottlieb akabuni Humpty Dumpty, mashine ya kwanza yenye vipigio vya umeme, tena sita kwa mpigo.

Tarehe hii ya 1947 ni muhimu kuliko zote. Kabla yake mchezaji alirusha gololi, kisha akawa mtazamaji, labda aitikise meza kidogo. Baada yake mchezaji alipata kauli. Gololi ikija anaweza kuijibu, na jibu lake likabadilisha kitakachofuata. Wale tuliosoma fasihi simulizi tunajua tofauti kati ya hadhira inayokaa kimya na hadhira inayoitikia.

Nyundo za Meya

Wakubwa wa mji hawakuupenda mchezo huu uliposhuka baa. Mwezi Januari 1942 Meya Fiorello La Guardia wa New York aliupiga marufuku. Polisi walivamia maduka na baa, wakakamata mashine, na Meya mwenyewe akapigwa picha akizivunja kwa nyundo. Hoja yake ilikuwa kwamba huu ni ubahatishaji, unawala watoto senti za chakula cha mchana na kuwanufaisha wahuni. Hoja haikuwa ya uongo mtupu. Mashine nyingi za awali hazikuwa na vipigio, kwa hiyo bahati ilikuwa na sehemu kubwa, na mahali pengine mshindi alilipwa fedha kwa siri. Lakini tukubali pia kwamba michezo ya bahati ya matajiri haikuvunjwa kwa nyundo mbele ya wapiga picha.

Marufuku yaliathiri hata muundo wa mchezo. Zawadi kubwa katika mashine nyingi ilikuwa mchezo wa bure, na katika majimbo kadhaa sheria iliuhesabu mchezo wa bure kuwa malipo ya kamari. Gottlieb wakatafuta njia ya pembeni: mwaka 1960 walitoa mashine iitwayo Flipper, ambayo ilimpa mshindi gololi ya ziada ndani ya mchezo uleule. Hivyo sheria ya nje iliingia ndani ya ubao na kubadilisha maneno yaliyoandikwa juu yake.

Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya jimbo la California iliyatengua marufuku ya Los Angeles. New York ikafuata mwaka 1976. Huko Roger Sharpe, mwandishi kijana, aliitwa mbele ya kamati ya halmashauri ya jiji kuonyesha kwamba mchezo huu ni wa ustadi. Alicheza, kisha akatangaza kabla ya kuirusha gololi kwamba itapita katika njia ya katikati. Ikapita. Marufuku ya zaidi ya miaka 30 yakaondolewa. Sharpe mwenyewe amekiri baadaye kwamba bahati ilimsaidia siku ile.

Mwanga kama lugha

Sasa turudi kwenye vidirisha. Ubao wa pinboli umejaa maandishi, na maandishi yake mengi ni ya masharti. Maneno ambayo mchezaji wa Marekani aliyaona mara kwa mara, kwa Kiswahili tungeyasema hivi: "Zawadi maalumu ikiwaka", "Gololi ya ziada ikiwaka". Yanaandikwa kando ya kidirisha au juu yake. Kidirisha kikiwa giza, maneno yapo lakini hayakuahidi kitu. Balbu ikiwaka, ahadi imewekwa, na mchezaji anajua gololi aielekeze wapi.

Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia. Ile "ki" ya "ikiwaka" inabeba mambo mawili pamoja, sharti na wakati: endapo itawaka, na pindi inapowaka. Ubao nao unategemea vyote viwili. Nuru ya kidirisha ni kama kiambishi ndani ya kitenzi. Ukiiondoa au ukiiweka mahali si pake, sentensi inabadilika.

Sarufi hii ilikua kadiri mashine zilivyokua. Katika mashine za zamani za rilei na swichi, taa chache ziliwaka na kuzimika kwa kufuata mapigo ya gololi. Kuanzia mwaka 1977 kompyuta ndogo zilianza kuchukua nafasi ya rilei. Williams walizipanga taa katika safu 8 kwa 8, kwa hiyo programu iliweza kuamuru taa 64, kila moja kwa zamu yake. Hapo taa zikapata hali tatu badala ya mbili: giza, kuwaka, na kumetameta.

Mfano mzuri ni The Addams Family ya mwaka 1992, iliyobuniwa na Pat Lawlor na Larry DeMar na kuchorwa na John Youssi. Ziliuzwa mashine 20,270, na hakuna mashine ya zama za kompyuta iliyoipita. Katikati ya ubao wake kuna jumba lenye vyumba 12, kila chumba na kidirisha chake. Chumba kinachometameta ndicho kinachosubiri kufunguliwa. Chumba kinachowaka bila kupepesa kimeshatembelewa. Chumba chenye giza bado. Mchezaji akivimaliza vyote anapewa ziara ya jumba zima. Jamani, kama huu si usimulizi, basi tuambiwe usimulizi ni nini! Kuna yaliyotendeka, kuna yanayotendeka, kuna yajayo, na vyote vitatu vimeandikwa kwa balbu.

Kulikuwa na lugha nyingine pia. Mashine za kompyuta zikikaa bila mchezaji huchezesha taa zake zenyewe, mawimbi kwa mawimbi, ili mpita njia ageuke. Ni kama muuza duka anayeita wateja mlangoni. Mwanga huu haumwahidi mtu zawadi yoyote, na unakoma mara tu mchezo unapoanza. Tutauhitaji mbele kidogo.

Wachoraji wasiotia saini

Michoro ya pinboli ilikuwa kazi ya ajira. Roy Parker aliichorea Gottlieb mashine nyingi kwa miaka mingi. Christian Marche alichora watu wenye pembe kali kama wamekatwa kwa mkasi. Dave Christensen alichora kioo cha Captain Fantastic ya Bally mwaka 1976, chenye sura ya Elton John. Kwa miongo mingi majina ya wachoraji hayakuwekwa kwenye kazi zao. Mchezaji aliyetumbukiza sarafu kila jioni hakujua ni nani aliyechora kile anachokitazama. Wahakiki wa sanaa nao hawakupita baa kuuliza.

Sisemi kwamba kila walichochora kinastahili kusifiwa. Taswira ya mwanamke katika vioo hivyo kwa sehemu kubwa ni ya pambo: nguo fupi, tabasamu, mkono umewekwa begani kwa shujaa. Afrika nayo imechorwa. Mwaka 1995 Williams walitoa mashine iitwayo Congo, kutokana na filamu ya mwaka huohuo, ambayo nayo ilitokana na riwaya ya Michael Crichton. Wakati huo nchi yenyewe ikiitwa Zaire. Vitu vinavyobeba mchezo ni almasi, volkano na gorila; chini ya ubao kuna hata kiwanja kidogo ambamo gorila ndiye anayeipiga gololi. Ni Kongo ileile ya riwaya za wageni, ya kuingia, kuchukua na kutoroka. Ukiitundika ukutani na kuiwekea taa nzuri, hadithi hiyo nayo inawaka. Mhakiki asipofushwe na rangi.

Taa za LED na ubao ukutani

Ni kwa nini basi mbao hizi zimefika ukutani? Sababu ya kwanza ni ya kiuchumi. Biashara ya pinboli iliporomoka miaka ya 1990. Gottlieb walifunga mwaka 1996, na Oktoba 1999 Williams, waliokuwa wameinunua pinboli ya Bally mwaka 1988, wakaacha kabisa kutengeneza mashine hizi. Kwa miaka kadhaa Stern ya Chicago ilibaki karibu peke yake kati ya watengenezaji wakubwa. Mashine nyingi zilichunwa vipuri na mbao zake zikabaki bila sanduku. Aidha, baadhi ya wapenzi wa mchezo walianza kununua mbao mpya zilizochapwa upya kwa kunakili zile za zamani. Ubao mpya ukiingia kwenye mashine, wa zamani unatoka. Ukitoka utatupwa au utatundikwa.

Sababu ya pili ni ya kiufundi. Balbu ya zamani iliyotumika sana, namba 44, hutumia volti 6.3 na robo ampia. Mtu akiwasha balbu 40 za aina hiyo nyuma ya ubao atahitaji ampia 10, yaani wati 63, na karibu zote zitageuka joto ndani ya fremu nyembamba iliyobanwa ukutani. Joto hilohilo ndilo lililobambua rangi nyuma ya vioo vingi vya mashine za zamani, na ndilo lililochangia vidirisha kulegea katika gundi yake. Taa za LED zilileta ahueni. Nick Holonyak alionyesha LED nyekundu mwaka 1962, lakini bluu yenye nguvu ilichelewa hadi mwaka 1993, alipoifanikisha Shuji Nakamura wa Japani. Yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi ya LED ya bluu. Bluu ndiyo iliyozaa nyeupe. Taa nyeupe, ndogo, isiyochoma, ndiyo iliyowezesha ubao wa plaiwudi kuwa taa ya ukutani.

Zipo njia mbili kuu za kuuwasha. Ya kwanza ni ya kubandika utepe wa LED nyuma ya ubao wote, ukachomeka adapta, na kila kidirisha kikawaka kwa pamoja. Ni rahisi, na chumba kikiwa giza inapendeza kweli. Ya pili ni ya kuweka LED moja nyuma ya kila kidirisha na kuziunganisha na kompyuta ndogo ya kuziamuru. Hii inataka subira: kulehemu waya kwa makumi, kukinga mwanga wa kidirisha kimoja usivujie jirani, na kuandika programu.

Katika njia zote mbili kuna suala la rangi. Mchapaji wa zamani alichagua rangi zake akijua zitaonekana chini ya balbu yenye mwanga wa manjano. Ukiweka LED nyeupe ya ubaridi, bluu inapiga kelele, njano inapauka, na kidirisha chekundu kinaelekea uwaridi. Ndiyo maana wajuzi huweka LED nyekundu nyuma ya kidirisha chekundu, na nyeupe yenye joto mahali penye ngozi za watu na machweo. Kuna pia suala la mwendo. Waya wa balbu hauzimiki papo hapo. Hubaki na joto kidogo, kwa hiyo nuru yake hupanda na kushuka taratibu. LED huwaka na kuzimika mara moja. Katika mashine za Williams, ambamo kila taa hupewa zamu moja kati ya nane, balbu ilizificha zamu hizo kwa joto lake, ilhali LED ya kawaida huzionyesha kwa kupepesa. Anayetaka ubao wake upumue kama zamani lazima aandike programu ya kuichelewesha nuru.

Tutahukumu vipi?

Hapa naomba kuleta jambo la nyumbani. Likizo iliyopita nilikwenda Muheza kukusanya ngano kwa bibi yangu kwa ajili ya kazi ya fasihi simulizi. Nilirekodi, nikaandika, nikamsomea nilichoandika. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, na watoto umewaweka wapi?" Nikamwambia, "Bibi, watoto hawamo katika hadithi." Akasema, "Wamo. Si ndio wanaoitikia?"

Ubao ukutani una tatizo hilohilo. Gololi hakuna, vipigio havina wa kuvipiga, na muitikiaji amegeuzwa mtazamaji, kama kabla ya mwaka 1947. Sasa tuziangalie zile njia mbili kwa jicho hili. Utepe unaowasha kila kidirisha kwa pamoja unaivunja sarufi. Maneno "Zawadi maalumu ikiwaka" yanawaka usiku kucha, sharti limetimia milele, na hakuna zawadi. Vyumba 12 vya jumba vimetembelewa vyote na hakuna aliyetembea. Rangi zinaonekana vizuri, hilo nakubali. Kilichopotea ni usimulizi. Ni sawa na mtu kuyatamka maneno yote ya hadithi kwa pumzi moja.

Njia ya pili inaonekana kuwa jibu, lakini nayo tuihoji. Programu nyingi za ukutani huchezesha mawimbi ya nuru, yaani zinaiga ile lugha ya kuita wateja. Ubao unaita, unaita, na hakuna mahali pa kutumbukiza sarafu. Hata hivyo mimi naiona njia hii kuwa aminifu zaidi, kwa sababu mwito ule ulikuwa kweli sehemu ya mashine, na ulifanyika bila mchezaji. Inatunza kile kinachoweza kutunzwa.

Ipo pia njia ambayo naipendekeza kwa anayejali: kuacha baadhi ya vidirisha giza kwa makusudi. Uwashe chumba cha nne, cha tano kimetemete, vilivyobaki vilale. Mgeni akiingia sebuleni atauliza, "Mbona hizi haziwaki?" Hapo mwenye nyumba atalazimika kumsimulia mchezo, na kwa dakika mbili tatu hadhira itakuwa imepatikana.

Suala la mikwaruzo nalo lina uzito. Ubao wa zamani huwa umelika mbele ya vipigio, kuzunguka bampa, na kwenye midomo ya matundu. Mbao imetokeza, rangi imekwenda. Wapo wanaopaka rangi upya na kuziba kwa vanishi mpya mpaka ubao ung'ae kama umetoka kiwandani jana. Katika mashine ya kuchezwa hilo lina mantiki, kwani gololi inahitaji njia laini. Ukutani sioni sababu. Mikwaruzo ile ndiyo kumbukumbu pekee ya wachezaji. Hatujui majina yao, lakini tunaona walielekeza gololi wapi, maelfu kwa maelfu ya mapigo, na mara nyingi ni kulekule kulikokuwa na kidirisha cha zawadi.

Mwisho kuna suala la maadili, na hapa sina ulegevu. Kuutundika ubao uliokwisha kuchunwa ni kuuokoa. Kuibomoa mashine nzima inayofanya kazi ili upate pambo la ukuta ni kurudia kazi ya nyundo za La Guardia kwa bisibisi. Atakayenijibu kwamba mali ni yake, sawa, ni yake. Lakini mashine za aina hiyo haziongezeki, na mchezaji aliyeweza kuicheza amenyang'anywa. Huko Alameda, California, iko makumbusho ya pinboli ambamo mgeni hulipa mlangoni, kisha akazicheza mashine za miongo tofauti. Huo ni ushahidi kwamba kitu kinaweza kuitwa sanaa na bado kikachezwa.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba pinboli ilitoka kwa wakubwa wa Ufaransa, ikashuka kwa wasio na kazi wa Marekani, ikavunjwa kwa nyundo, ikatetewa mbele ya halmashauri, na sasa inapanda tena ukutani kwa wenye uwezo wa kununua. Katika kila hatua kitu kimeongezwa na kingine kimeondolewa. Umeme ulileta taa, vipigio vilileta muitikiaji, sheria ilibadilisha zawadi, na LED imeurudishia ubao nuru bila kuurudishia mchezaji.

Kwa anayekusudia kuwasha ubao, vigezo vyangu ni vitano: ubao uwe umekufa tayari, mikwaruzo iachwe, rangi ya taa ifuate rangi ya kidirisha, programu iheshimu giza kama inavyoheshimu nuru, na chini ya fremu liandikwe jina la mchezo, mwaka wake, na jina la mchoraji pale linapojulikana. Kigezo hiki cha mwisho hakigharimu hata waya mmoja, nacho kinarekebisha ukimya wa miaka mingi.

Kwa mwenzangu wa semina, jibu langu ni kwamba fundi umeme na mhakiki wanakutana hapa, kwa sababu anayechagua taa ipi iwake amekwishachagua namna ya kuisoma matini. Wale wanaoona nimeivuta dhana ya matini kupita kiasi waandike, nitawasoma. Mimi narudi Muheza Desemba na kinasa sauti, na safari hii sauti za watoto nitaziandika pamoja na ya bibi.